Maiti Asiye na Kaburi: Msiba katika Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Katika uhakiki uliokwisha kuandikwa juu ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga aliyezaliwa mwaka 1947, neno linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine ni historia. Jambo hili lina sababu yake. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi, mfululizo wa picha 101 zilizosimulia habari za nchi yake tangu zama za kabla ya wakoloni hadi utawala wa Mobutu, naye akakaa mbele ya kinasa sauti akazieleza kwa Kiswahili. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996, na tangu hapo mchoraji huyu amesomwa kama mwanahistoria wa umma, yaani mtu asiye na maktaba aliyethubutu kuisema historia ya taifa zima kwa brashi. Makala haya hayana ugomvi na usomaji huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba picha iliyo kiini cha kazi yote, ile ya kifo cha Patrice Lumumba na wenziwe Maurice Mpolo na Joseph Okito, haieleweki vyema ikichukuliwa kuwa ukurasa wa historia tu. Ni kazi ya msiba. Imeshika nafasi ya mambo ambayo jamaa na majirani huyafanya mtu akifa, nayo iliishika kwa kuwa mambo hayo yalizuiwa yasifanyike.

Mkasa wenyewe unajulikana. Tarehe 17 Januari 1961 wafungwa hao watatu walisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, wakiwa wamefungwa kamba na kupigwa njia nzima. Usiku ule ule walipigwa risasi porini, mahali panapoitwa Shilatembo, mbele ya maofisa wa Kibelgiji na viongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Walifukiwa papo hapo. Lakini hata kaburi lile la haraka lilionekana kuwa ushahidi, na muda si mrefu maiti wakafukuliwa, wakakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi. Gerard Soete, afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeisimamia kazi hiyo, alibaki na meno. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Akakataa kukitaja kijiji na kukataa kuonyesha mahali walipozikwa, pasije pakawa mahali pa watu kuzuru.

Sababu hiyo inastahili kuangaliwa. Waliokuwa na mamlaka walilielewa kaburi vizuri kuliko wahakiki wengi wa sanaa. Walijua kwamba kaburi ni mahali ambapo walio hai hukutana, na bila shaka walijua pia wangekutana kusema nini.

Mwezi ule ule Pauline Opango, mjane wa Lumumba, alipita katika barabara za Leopoldville kifua wazi, pamoja na waombolezaji wenziwe, akitaka Umoja wa Mataifa umsaidie kuupata mwili wa mumewe azike. Picha ya kamera iliyopigwa wakati huo imeenea duniani kote. Mtazamaji asiyejua mila ataona uchi. Anayejua ataona vazi la msiba, yaani mwili uliovuliwa kila pambo. Mjane alikuwa amekwisha kuuvaa msiba wake, na maiti hakuwapo.

Katika mila nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati msiba una kazi mbili zinazokwenda sambamba: kumwondoa maiti mikononi mwa walio hai, na kuwarudisha walio hai katika shughuli zao. Pwani ya Kenya maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa, hulazwa katika mwanandani. Kisha watu hukaa matanga mpaka siku ya kuyaanua. Kukaa na kuanua: mwanzo na mwisho wa jambo vimo ndani ya lugha yenyewe. Ikiwa mtu amekufa mbali na mwili wake haukupatikana, mathalani amezama na chombo, iko sala ya ghaibu, kwa maana dini imetambua kwamba waliobaki hawawezi kungoja milele. Wajaluo wa Nyanza nao, mtu wao akipotea asionekane tena, huzika yago, tunda la mwegea, zito na refu, lililo na kimo cha kutosha kulazwa kaburini kama mwili. Na baada ya hapo kilio huendelea kama ambavyo kingeendelea. Wagiriama walimsimamishia mzee wa chama cha gohu kigango cha mti, na kigango hicho hakikuwa sanamu ya kutazamwa kwa furaha ya macho. Ni yeye mwenyewe, amerudi kusimama nyumbani kwake. Waliovichukua vigango usiku na kuviuza Marekani kama mapambo ya ukutani walikuwa wakiiba watu, ingawa risiti zao zilisema mbao.

Mifano hii haitajwi ili kudai kwamba wachimba shaba wa Katanga, ambao wengi wao ni Wakristo, walifuata ada za Nyanza au za Lamu. Inatajwa kwa kuwa inadhihirisha sharti moja lililo chini ya ada zote hizo. Msiba usio na maiti unahitaji kitu cha kusimama badala yake, na kitu hicho hakina budi kiwe na umbo, kionekane, na kiwe na mahali pake.

Picha ya Tshibumba ni kitu cha namna hiyo. Mchoraji aliirudia mara nyingi, na mojawapo ya nakala zake zinazojulikana sana huitwa Calvaire d'Afrique, yaani Kalvari ya Afrika. Katika ile iliyomo ndani ya mfululizo wa Fabian, imechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, miili mitatu imelala ardhini. Ule wa Lumumba uko mbele, una jeraha ubavuni, na damu inayotoka hapo inatambaa chini na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kwa nyuma iko misalaba mitatu. Juu ziko nyota sita, ambazo mchoraji alizihusisha na umoja ule ule; Kongo ya mwaka 1960 ilikuwa na mikoa sita.

Wahakiki huvutwa upesi na misalaba. Lakini jambo la kwanza la kutazamwa ni lile ambalo hupitwa: miili ni mizima. Tshibumba alichora miaka 25 hivi kabla ya uchunguzi wa Ludo De Witte, uliotoka kitabuni mwaka 1999, na kabla ya Soete mwenyewe kusema hadharani yale aliyoyatenda. Mwaka 1961 alikuwa mvulana wa miaka 13 au 14. Yeye na majirani zake walijua jambo moja kwa hakika, kwamba hakuna aliyeonyeshwa maiti. Wauaji waliondoa mwili. Mchoraji ameurudisha, akaulaza chini kwa utaratibu, uso ukatambulikana, jeraha likaonekana na kuhesabiwa. Hii ndiyo kazi ya yago. Mtu anayelalamika kwamba mchoraji hakutafiti namna maiti walivyotendewa amekosea mlango: hapo hapakuwa na haja ya taarifa, palikuwa na haja ya mwili.

Sasa misalaba. Kwa maelezo yake mwenyewe kwa Fabian, Tshibumba alimwona Lumumba kuwa Bwana Yesu wa Zaire. Ni rahisi kulalamika hapa kwamba msanii wa umma ameshindwa kujinasua kutoka mikononi mwa misheni, akaitafutia Afrika huzuni katika vitabu vya Kizungu. Lalamiko hilo halikosi ukweli, ila limesahau mji wenyewe ulivyo. Miji ya shaba ilijengwa kwa watu walioletwa kutoka kila upande: Kasai, kaskazini ya Katanga, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini. Kila kabila lilikuja na namna yake ya kulia na namna yake ya kuzika. Marehemu mwenyewe alikuwa Mtetela wa Onalua, ameuawa katika ardhi ambayo si ya babu zake, katika mwaka ambao kabila la mtu lingeweza kumponza barabarani. Azikwe kwa ada ya nani? Mateso ya Yesu yalikuwa kifo pekee ambacho watu wote wa mtaa ule walikuwa wamekwisha kukililia pamoja, kila mwaka, Ijumaa Kuu. Tshibumba hakuuchagua msalaba kwa kukosa mila. Aliuchagua kwa kuwa mila zilikuwa nyingi.

Hata hivyo, uchaguzi huo una gharama mbili, na uhakiki unaompenda msanii haupaswi kuzificha. Ya kwanza ni kwamba Kalvari haina misalaba mitatu iliyo sawa. Ina mmoja wa Mwokozi na miwili ya wanyang'anyi. Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo katika serikali ya Lumumba. Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Katika picha wamekuwa wasindikizaji, wamelala nyuma ili idadi itimie. Hakuna damu yao inayoandika neno lolote. Msiba wa kweli wa watu watatu ungekuwa na matanga matatu, na jamaa watatu wa kupewa mkono wa pole. Hapa umati wote umeelekea kwa mmoja. Hili ni kosa la fani lililozaa kosa la maudhui, na mchoraji aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kuhesabu nyota za mikoa angeweza kuliepuka.

Gharama ya pili ni nzito zaidi. Yesu wa Injili hazikwi ili akae kaburini. Anayemlaza maiti wake chini ya misalaba mitatu amewaambia walio hai wamngoje. Basi picha inatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine: inaleta mwili ili msiba upate kuanza, kisha inaukataza msiba huo usiishe. Matanga ya Tshibumba yanakaliwa, hayaanuliwi. Huenda hapa ndipo palipo siri ya kurudiwarudiwa kwa picha hii, maana inaweza kuulizwa kama kitu kilichochorwa mara nyingi na kuuzwa kwa fedha kidogo kidogo kinastahili kuitwa kazi ya msiba. Tshibumba alikuwa maskini na aliishi kwa brashi yake. Ni kweli alichora kile kilichonunuliwa. Lakini mwimba mbolezi naye huwa anapewa kitu, na mbolezi haikosi uzito kwa kuwa iliimbwa jana katika nyumba nyingine. La kuuliza ni kwa nini wanunuzi walikuwapo, mwaka baada ya mwaka, watu wenye mshahara wa mgodini, kwa picha ya maiti watatu.

Jibu limo katika mahali zilipotundikwa. Kabla ya kuwa mali ya watafiti, picha za namna hii zilikaa katika vyumba vya kukaribishia wageni vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, juu ya viti, mbele ya macho ya kila aliyeingia. Ndani ya picha ile hakuna anayelia. Hakuna mjane, hakuna majirani, hakuna mkono kichwani. Mahali pa waliofiwa pameachwa wazi, napo hujazwa na mwenye nyumba na mgeni wake. Yeyote aliyepata kuingia katika nyumba ya matanga anajua kinachofuata salamu: mgeni huuliza ilikuwaje, na mfiwa, ingawa amekwisha kusimulia tangu alfajiri, huanza tena upya, ugonjwa ulivyoanza, nani alikuwapo, saa ngapi. Kusimulia kule ndiko kunakokifanya kifo kiwe kimetokea. Picha ukutani huchokoza swali lile lile, na sauti ya Tshibumba katika kanda za Fabian, anapoeleza nani alimfunga nani na ndege ilitua wapi, ina mwendo wa mfiwa anayejibu zaidi ya mwendo wa mwalimu anayefundisha.

Lugha yenyewe inaunga mkono. Wachoraji na wanunuzi wa Lubumbashi waliziita picha hizi ukumbusho, na Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilipa neno hilo uzito mkubwa walipoandika juu ya uchoraji wa Shaba katika miaka ya 1970. Mwanafunzi wa sarufi anaweza kuongeza jambo. Ukumbusho halikutokana na kukumbuka. Limetokana na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha, ambacho hakikamiliki bila mtu wa pili. Mtu huweza kukumbuka peke yake gizani. Hawezi kukumbusha peke yake. Kumbukumbu inaweza kufungiwa sandukuni, nayo ukumbusho hautakuwa ukumbusho mpaka mgeni aketi. Kwa hiyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuitambua kazi ya picha na kuipa jina sahihi kabla mhakiki yeyote hajafika.

Iko pia migawanyo ya lugha ambayo haikusemwa vya kutosha. Maneno yaliyoandikwa juu ya kitambaa ni ya Kifaransa: tarehe, majina, kichwa cha picha, hata damu. Maneno yanayosemwa mbele ya kitambaa ni ya Kiswahili. Kifaransa kimekaa pale kama maandishi ya jiwe la kaburi, rasmi, ya kudumu, yanayoelekezwa kwa serikali na kwa mpita njia asiyejulikana. Kiswahili ni mazungumzo ya mkekani. Mtu anayeisoma kazi hii kwa tafsiri ya Kiingereza, kama wasomi wengi walivyofanya, analisoma jiwe na kuukosa usiku mzima wa matanga. Maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo hayo hayakupotea. Yamehifadhiwa na kuwekwa katika intaneti, wazi kwa anayetaka. Ikiwa idara za Kiswahili za Afrika ya Mashariki hazikuyagusa, sababu haiwezi kuwa uhaba wa nakala. Ni dharau ya zamani kwa Kiswahili cha Kongo, kinachohesabiwa makosa ya upatanisho wa ngeli badala ya kusikilizwa. Ni ajabu kwamba mojawapo ya masimulizi marefu ya kifo cha kisiasa yaliyopata kutolewa kwa Kiswahili yamefafanuliwa zaidi na mtaalamu wa nchi za nje kuliko na wenye lugha.

Dola nayo ilijaribu kukaa matanga. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye majeshi yake ndiyo yaliyomkamata Lumumba na ambaye utawala wake ulihusika kumpeleka Katanga, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Mfano wa namna hii unajulikana vijijini: yule anayeshukiwa na kila mtu ndiye anayelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukumbusho wa nyumbani uliendelea chini ya kilio hicho rasmi, na si rahisi kusema kama mwenye nyumba aliyeitundika picha ya Tshibumba mwaka 1974 alikuwa akikubaliana na serikali yake au akiishtaki. Uzuri wa picha ni kwamba ilimruhusu kufanya yote mawili mbele ya mgeni asiyemwamini. Tshibumba mwenyewe alikatika habari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliomtafuta hawakumpata.

Mwaka 2016 wakuu wa Ubelgiji walilichukua jino kutoka kwa binti ya Soete. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba mjini Brussels, likatiwa katika jeneza la kimo cha mtu mzima, na jeneza hilo likazungushwa Kongo: Onalua alikozaliwa, Kisangani, kisha Lubumbashi na Shilatembo, mpaka Kinshasa, ambako lilizikwa tarehe 30 Juni baada ya maombolezo ya kitaifa ya siku tatu. Jeneza kubwa kwa jino moja: serikali ilitumia kanuni ile ile aliyoitumia mchoraji wa magunia ya unga karibu miaka 50 kabla yake, kwamba msiba hauwezi kwenda bila kitu chenye kimo cha mwili. Hata sasa hayakuanuliwa. Novemba 2024 kaburi hilo la Limete lilivunjwa na watu wasiojulikana, na serikali ikalazimika kuwatuliza wananchi kwa kusema kwamba jino lilikuwa mahali pa salama.

Jeneza lile lilikuwa moja. Mpolo na Okito hawakubakiziwa jino, na msafara ulipofika Shilatembo hapakuwa na kitu chao cha kuteremshwa garini. Miili yao ingali inaonekana katika mfululizo wa Fabian, ambao sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Wamelala palepale walipowekwa, nyuma ya mwenzao.